Mbuke Maige Anaiacha Meza ya Taa

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Bi. Mbuke Maige, ambaye sote tunamwita Mama Nelly, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kampuni yetu ya Limi Majukwaa, yenye ofisi na ghala lake hapa Shinyanga mjini, itabaki na spika, vyuma vya jukwaa, jenereta mbili, lori moja lenye hasira na taa nyingi ambazo mpaka leo hazijazoea kutumwa na mtu mwingine. Kamati ya sherehe, kwa sababu inazozijua yenyewe, imemwomba mtu wa spika aandike wasifu wa mtu wa taa. Hiyo ni sawa na kumwomba mke mdogo amsifie mke mkubwa. Hata hivyo mwandishi, Telesphori wa spika, amekubali, kwa kuwa kwa Mama Nelly hata sisi wenye kelele zetu hunyamaza.

Historia yake kazini ilianza na sindano. Mwanzilishi wa kampuni, Bwana Stanslaus, alikuwa amenunua kitambaa cheusi cha pazia la jukwaa na hakuwa na wa kukishona. Akaelekezwa kwa fundi cherehani mmoja karibu na soko, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, akampa kazi ya wiki mbili. Wiki mbili hizo zinaisha mwezi huu.

Wakati huo taa zetu zilikuwa nne tu. Fundi wa taa hizo alikuwa Wiliam, mtu wa Mwanza, mpole, mwenye ndoto ya kufungua duka lake Kahama. Mama Nelly alipomaliza pazia akakuta vifuko vya kubebea taa vimechanika, akavishona. Akakuta nyaya zimefungwa ovyo kama matumbo ya mbuzi, akazipanga. Siku Wiliam alipoaga kwenda kufungua duka lake, Bwana Stanslaus alitazama kushoto, akatazama kulia, akamwona mtu mmoja tu anayejua kila taa inalala wapi. Alipomuuliza kama ataweza, Mama Nelly alijibu kwamba taa ni kama cherehani, ukiiharakisha inakata uzi. Alimfuata Wiliam dukani Kahama kila Jumapili kwa msimu mzima kujifunza yale ambayo hakuyajua, na baadaye kampuni ikampeleka Dar es Salaam kwa kozi. Alirudi na cheti, na malalamiko kuhusu bei ya nyanya.

Kwa wageni watakaosoma programu hii wakisubiri pilau, ni vizuri tueleze kazi yenyewe. Taa za jukwaa za siku hizi si balbu na swichi. Taa moja ya kichwa, ile inayogeuza shingo huku na huko, inaweza kufanya mambo mengi: kugeuka, kuinama, kubadili rangi, kufifia, kupepesa, kuchora maua ukutani. Kila jambo lina chaneli yake. Meza ya taa, ile yenye vitufe vingi ambayo watoto wenu wanakatazwa kuigusa, haiwezi kuiamuru taa mpaka iambiwe chaneli ya kwanza inafanya nini, ya pili inafanya nini, hadi ya mwisho. Maelezo hayo ndiyo tunayoyaita profaili. Taa za viwanda vikubwa huja na profaili zake. Za kwetu zilikuja kwenye makontena, nyingine zimeshatumika, nyingine zina jina la kiwanda kimoja ubavuni na la kiwanda kingine mgongoni. Tuliwahi kupokea taa nane nzuri kabisa zikiwa na kitabu cha maelekezo cha pasi.

Hapo ndipo Mama Nelly alipoanza kazi yake hasa. Aliifunga taa peke yake kwenye stendi, akafungua chaneli ya kwanza polepole, akaangalia, akafunga. Akafungua ya pili, akaangalia, akafunga. Alitaka kujua nyekundu inaanzia wapi na inaishia wapi, shingo inagota wapi, ua lipi lina kona iliyovunjika. Yote akayaingiza kwenye meza, akayahifadhi, akaipa profaili jina. Alikuwa akisema huwezi kumshonea mtu gauni kwa vipimo vya jirani yake, hata kama wote wawili ni wanene. Ukimletea profaili uliyoazima kwa kampuni nyingine, aliipokea kwa adabu, akasema asante, na asubuhi ulimkuta ameshaanza ya kwake upya.

Makosa yapo, na yeye mwenyewe ndiye huyasimulia kwa furaha zaidi. Katika jubilei ya parokia moja huko Ushirombo tulifunga taa mpya kabisa kanisani. Misa ikaenda vizuri mpaka wakati wa sala ya kimya, umeme ukakatika. Jenereta ikaitikia, na taa zote zikaamka kwa pamoja. Taa ikiamka hujinyoosha: zilizungusha shingo, zikatazama dari, zikawamwagia wanakwaya rangi za zambarau, zikakonyeza. Bibi mmoja wa benchi la mbele alipiga ishara ya msalaba mara mbili, akahamia benchi la nyuma. Padri alisubiri kwa subira mpaka zilipomaliza. Mama Nelly, Mkatoliki wa kuzaliwa, aliondoka pale bila kugusa chakula cha jubilei, na wanaomjua wanajua hilo lina maana gani.

Wiki iliyofuata hakutoka ghalani. Aliandika upya kwenye profaili hali ya taa kuamkia: umeme ukirudi, kila taa iwe imefumba na imeinamisha kichwa. Tulipoitwa tena Ushirombo kwa kipaimara, umeme ulikatika kama kawaida yake, na taa zikaamka zimeinama. Kwenye matangazo padri alisema taa za mwaka huu zimekuja na mafundisho ya dini mengi kuliko baadhi ya wanakwaya. Wanakwaya walicheka kwa shida.

Huko Geita wanamkumbuka kwa jambo jingine. Wachimbaji wa Katoro walifanya sherehe ya kufungua ofisi ya chama chao, wakaomba jukwaa lote liwe la dhahabu. Meza ilikuwa na rangi yenye jina hilo, Mama Nelly akaibonyeza, akatulia. Uwanja ukaanza kuzomea. Watu ambao wameingia duarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, tangu ujana wao, na mabroka wanaoishi kwa kutazama jiwe na kutaja bei, walisema kwa sauti moja kwamba ile ni shaba, na mmoja akaongeza kwamba ni shaba ya sufuria. Mama Nelly hakubishana nao. Alimwita mezani broka mmoja mwenye sauti kubwa kuliko wote, Meshack, akamwambia aseme mwenyewe. Akawa anaongeza nyekundu kidogo, anapunguza, anatia nyeupe tone moja, huku Meshack akikunja uso kama yuko kwenye mizani. Mara Meshack akanyoosha mkono kwamba hapo hapo, na uwanja mzima ukapiga makofi. Rangi hiyo imo kwenye profaili zetu zote mpaka leo, na jina lake ni Meshack. Bi harusi wengi wa Geita wameolewa ndani ya rangi hiyo bila kujua.

Tukitaja tabia zake, mezani kwake haikaribii soda wala mtu ambaye hajaamkia. Vijana wengi waliokuja na haraka zao za kuomba kazi walirudishwa mlangoni waanze na shikamoo. Akishaitikia marahaba, basi, umepata mama. Alitulisha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, safarini, alitugawia blanketi tulipolala kwenye lori njia ya Buseresere, na alimkatalia Bwana Stanslaus mambo ambayo sisi wengine tulimkatalia kwa moyo tu. Amekuwa pia mhazini wa chama chetu cha kufa na kuzikana, na katika kipindi chake chote hakuna aliyewahi kuuliza swali mara ya pili.

Lakini mtu akituambia tuchague kazi moja tu ya kumkumbukia, tutachagua ngoma ya Kolandoto, na hapa mwandishi anaomba aruhusiwe kusimulia taratibu.

Msukuma hahitaji kuelezwa, ila wageni wapo. Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma, wapinzani tangu enzi za mababu. Baada ya mavuno hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila chama upande wake. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watazamaji wanaanza katikati, kisha miguu yao inawapeleka kwenye ngoma inayowavutia. Upande uliokusanya watu wengi ndio mshindi, na anayeshindwa anabaki anawachezea jamaa zake na mbwa wawili watatu.

Mwaka huo, miaka minane iliyopita, mabroka wa Geita walitoa dume la ng'ombe liwe zawadi, wakaomba ngoma ianze jua likizama ili watu wacheze kwenye ubaridi na taa ziwake. Uwanja ulikuwa jirani na Kolandoto. Tukafunga taa za zamani upande wa Wagika, na upande wa Wagalu tukafunga taa mpya zilizokuwa zimetufikia juzi yake. Meza ya taa na meza ya spika zikakaa katikati. Kiongozi wa ngoma wa Wagalu, yaani ningi wao, alikuwa Mzee Maige, baba mzazi wa Mama Nelly. Alikuwa ameshatangaza kwamba huo ndio mwaka wake wa mwisho, kwa kuwa magoti yamemkatalia, na kwamba baada ya hapo ngoma anawaachia wadogo.

Wagalu walishinda, tena si kwa kubahatisha. Watu walihama kwa makundi, hata wauza karanga walibeba mabeseni wakahamia huko. Mzee Maige alibebwa juu juu. Wagika walisema Wagalu wametumia dawa kali ya mvuto, na Wagalu hawakukanusha, maana kwa mambo ya ngoma kuambiwa dawa yako ni kali si tusi. Dume likaenda kufungwa kwa Mzee Maige, lichinjwe Jumapili. Hakuna aliyemsengenya Mama Nelly, hakuna aliyefikiria taa.

Asubuhi tulipokuwa tunafungua vyuma, Mama Nelly alisimama ghafla akiwa na waya begani. Chini ya taa za Wagalu kulikuwa na wadudu waliokufa, wengi kiasi cha kuzoa kwa koleo. Akavuka uwanja kwenda kwa Wagika. Huko walikuwa wachache, hata sisimizi hawakuwa wamewashughulikia. Mwandishi alitania kwamba hata wadudu ni Wagalu. Mama Nelly hakucheka. Alisema wadudu hawajui ngoma.

Tulirudi ghalani, akafunga milango, akatundika shuka mbili nyeupe zilizotoka kitandani kwake, akawasha taa ya zamani kwenye shuka moja na mpya kwenye nyingine. Profaili ya taa mpya ilikuwa sahihi katika chaneli zote na rangi zote. Kitu kimoja hakikuwa kimepimwa, nacho ni jinsi mwanga unavyopanda kutoka giza hadi mwisho. Uwanjani tulikuwa tumeziweka taa zote kwenye nusu ya mwanga ili jenereta isilemewe. Nusu ya taa za zamani ilikuwa nusu kweli. Nusu ya taa mpya ilikuwa karibu mwanga wote. Kwenye meza pande mbili zilionekana sawa, lakini uwanjani Wagika walicheza kwenye giza la jioni na Wagalu walicheza mchana.

Bwana Stanslaus aliposikia alishauri kwa wema kabisa kwamba funika kombe mwanaharamu apite. Watu wamefurahi, mabroka wamefurahi, mzee amepata heshima yake ya mwisho. Na wala hakuwa mtu mbaya kusema hivyo, sisi wengi tulikuwa upande wake. Mama Nelly alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba lori.

Mwandishi ndiye aliyeendesha. Nyumbani kwa Mzee Maige kulikuwa na wageni waliokuja kupongeza, na dume limefungwa kwenye nguzo ya zizi linatafuna. Mama Nelly alipiga goti akamwamkia baba yake, akamweleza yote mbele ya wageni hao, shuka, taa na wadudu. Mzee alimwuliza jambo moja tu: watu walikuja kwenye ngoma yake, au walikuja kwenye taa? Binti alijibu kwamba hajui, na hakuna awezaye kujua, na hilo ndilo lililomleta. Mzee Maige akainuka, akaingia ndani, hakutoka tena. Tuliondoka pale bila kupewa hata maji ya kunywa. Anayezijua nyumba za Wasukuma ataelewa uzito wa jambo hilo.

Kesho yake watu wa Kolandoto walimwona Mzee Maige anaswaga dume peke yake, na magoti yale yale, mpaka kwa Mzee Ndaki, ningi wa Wagika. Alimweleza habari ya taa, akamwambia mnyama huyu bado hana mwenyewe, wakutane uwanjani tena.

Wagika walikubali marudio, ila kwa sharti. Walisema hawana ugomvi na binti wa Maige, lakini hawawezi kucheza chini ya mkono wa binti wa Maige. Ungekuwa wewe ungekasirika. Mama Nelly alisema wana haki kabisa, na kwamba hata yeye asingekubali. Kisha akawaomba jambo: waje ghalani wapime wenyewe, na wakitoka hawajaridhika atakaa nyumbani siku hiyo na meza atashika mwingine.

Ipo mashine ya kupimia mwanga, na ya kuazima isingekosekana. Lakini nani angeiamini? Mama Nelly alitundika shuka zake mbili, milango ikafungwa mchana kweupe, akawapa wazee viti. Ujanja wake ulikuwa kwenye viti hivyo. Alimkalisha Mzee Ndaki wa Wagika mbele ya shuka ya Wagalu, na baba yake akamkalisha mbele ya shuka ya Wagika. Kila mmoja alipewa kazi ya kulinda mwanga wa mwenzake usizidi. Akapandisha hatua ya kwanza, akauliza kama ni sawa.

Hatua ya kwanza ilikwenda kwa amani. Hatua ya pili walibishana kama ndugu wanaogawana shamba. Mzee Ndaki aliona shuka iliyo mbele yake inang'aa mno, Mzee Maige akaona ya kwake ndiyo inang'aa mno, wakabadilishana viti kuhakikisha, na walipobadilishana kila mmoja akaona kinyume cha alichokuwa anasema. Mama Nelly aliongeza, akapunguza, akaongeza. Kila walipofika mahali ambapo wote wawili walinyamaza kwa pamoja, alibonyeza kitufe cha kuhifadhi, akaendelea na hatua ya juu. Kufikia hatua ya mwisho wazee walikuwa wanakunywa chai kwenye birika moja na kumsema vibaya mtu wa tatu. Profaili ile aliipa jina Gika-Galu. Mzee Ndaki alitoka nje akakunja macho kwenye jua, akawaambia watu wake kwamba meza aishike huyo huyo.

Basi siku ya marudio ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa habari ya dume lililorudishwa ilikuwa imefika mpaka Ushetu. Jua lilipozama, taa zikawaka sawa kwa sawa. Kwa muda mrefu umati ulibaki katikati, ukiyumba huku, ukiyumba kule. Mzee Maige alicheza siku ile kama mtu ambaye magoti ni ya jirani. Lakini Wagika walikuwa na vijana, na vijana walikuwa na mtindo mpya wa kuruka uliokuwa bado haujaonekana. Kidogo kidogo watu wakaanza kwenda. Walianza watoto, wakafuata akina mama, wakafuata na wauza karanga wenye mabeseni yao.

Sisi tuliokuwa katikati tulimwona Mama Nelly analia. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya vitufe vya mwanga wa upande wa baba yake. Kukisogeza kidole kidogo tu kungetosha, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angejua, wadudu tu. Alilia wazi, machozi yanashuka, na mwanga wa pande zote mbili haukutikisika hata kidogo mpaka ngoma ya mwisho ilipopigwa. Mwandishi amefanya kazi na watu wengi hodari. Hajawahi kumheshimu mtu kama alivyomheshimu mama yule saa ile.

Wagika walichukua dume lao. Mzee Ndaki alikuja mezani amenyoosha mikono miwili kumshukuru Mama Nelly, na kabla hajafika Mzee Maige, akihema na jasho likimtiririka, alimzuia. Alisema: "Usimshukuru. Hajakupa kitu." Watu walicheka, na Mzee Ndaki akacheka kuliko wote. Kisha Mzee Maige akamgeukia binti yake, akamwita ng'wanone, mwanangu, akatangaza mbele ya watu kwamba leo halali Kolandoto, analala mjini kwa binti yake, na apikiwe michembe kwa karanga. Tulimpakia kwenye lori pamoja na spika. Aliimba njia nzima, na kama mtu wa sauti naomba kusema kwamba aliimba vizuri.

Marehemu Mzee Maige hakushika ngoma tena baada ya siku ile. Lakini tangu hapo Wagika na Wagalu wakialikana, kuanzia Kahama hadi Kolandoto, huwa wanakubaliana mambo matatu: siku, uwanja, na kwamba meza iwe ya Mama Nelly. Kampuni imepata kazi nyingi kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya bango lolote tulilowahi kulipia. Na kila wanapoalikana, bado wazee wa pande mbili huja ghalani kukalia viti vya upande wa wenzao. Siku hizi shuka ni za kampuni.

Kuanzia Julai meza itakuwa chini ya Loveness, ambaye amekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi na ambaye hatuna wasiwasi naye. Profaili zote zimehifadhiwa, zimenakiliwa na kupewa majina yanayoeleweka, isipokuwa moja inayoitwa Mkaidi. Hiyo ni ya taa moja ya zamani ambayo hugeuka kulia ukiiambia kushoto, na Loveness ameelezwa namna ya kuongea nayo.

Mama Nelly, kampuni inakushukuru, na Bwana Stanslaus anakushukuru, hata kwa mara zote ulizomkatalia. Sisi wa spika tunakushukuru kwa michembe, kwa blanketi, na kwa kutuvumilia tulipokuwa tunajaribu mitambo karibu na kichwa chako. Nelly na wadogo zake, asanteni kwa kutuazima mama yenu Jumamosi nyingi kiasi hicho.

Limebaki jambo moja la kutangaza. Jumamosi ya tarehe 5 Julai, uwanja ule ule jirani na Kolandoto, Wagika na Wagalu watacheza kwa heshima ya Mama Nelly. Hawakuombwa, wamejileta wenyewe. Wagalu wanasema mtoto wa ningi atarudi kwao. Wagika wameshamwandalia kiti, na wanasema kina mto. Tulipomwuliza yeye atasimama upande gani, alicheka, akasema atakwenda kwenye ngoma nzuri.

Tukikaa tukafikiri, tunaona katika ngoma zote hizi, uwanja mzima ulikuwa na haki ya kufuata miguu yake isipokuwa yeye. Alikuwa katikati, anaangalia mwanga usizidi huku wala kule. Hata baba yake alipocheza mara ya mwisho, binti alimwona kwa pembeni ya jicho, kwa kuwa macho yake mawili yalikuwa kazini.

Tunakutakia maisha mema na marefu, Mama Nelly. Jumamosi hiyo meza anayo Loveness, na mwanga uko sawa. Wewe tazama ngoma.